Chama chetu kinataka kununua mafuta ya bangi kwa ajili ya watoto wenye kifafa. Je, nitie sahihi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Kayole. Binti yangu mdogo ana umri wa miaka minane, na amekuwa akiugua kifafa tangu alipokuwa akijifunza kutembea. Anatumia dawa ya maji ya sodiamu valproeti asubuhi na jioni. Kuna miezi anayokaa vizuri hadi majirani husahau kwamba anaumwa, na kuna miezi ambayo huanguka karibu kila wiki, hasa dawa inapokosekana kliniki nasi tukawa hatuna pesa ya kuinunua dukani.

Wazazi kumi na wanane tuliozoeana katika foleni ya kliniki tuliunda chama. Kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na akiba hiyo imetusitiri mara nyingi kwa nauli na dawa. Mimi ndiye mweka hazina, na hakuna pesa inayotoka benki bila sahihi yangu na ya mwenyekiti.

Katika mkutano uliopita, mwenzetu mmoja alimleta kijana anayeuza mafuta anayosema yametokana na bangi. Alituonyesha kichupa cha kahawia chenye picha ya jani na maandishi ya miligramu 1000, akasema ujazo wake ni mililita 30 na kwamba mtoto akipewa matone matatu asubuhi na matatu jioni kitamtosha miezi mitatu. Bei ni shilingi 6,500, lakini chama kikinunua vichupa ishirini kwa pamoja atatuachia kwa 5,000 kila kimoja. Alituonyesha pia video za watoto wa Marekani waliokuwa wakianguka mara nyingi kwa siku na sasa wanacheza.

Tangu siku hiyo chama kimegawanyika. Mwenyekiti, mzee tunayemheshimu sana, anasema Umoja wa Mataifa umekwisha kuitoa bangi katika orodha ya dawa hatari na kwamba Kenya inajivuta kwa unafiki tu. Mama mmoja amesema pesa zake zikigusa bangi atatoka chamani. Mwingine hakungoja uamuzi: alijinunulia kichupa chake, na kwa wiki tatu mwanawe hajaanguka. Amemwachisha vidonge kabisa, kwa kuwa muuzaji alimwambia kwamba dawa za hospitali hupigana na mmea. Na mwanangu wa kwanza, aliye kidato cha tatu, alinisikia nikizungumza kwenye simu akaniuliza: kama bangi ni dawa kwa dada, kwa nini ni kosa kwake? Sikuwa na jibu.

Mkutano ni Jumapili ijayo na wanasubiri sahihi yangu. Nikikataa, je, nitakuwa nimewanyima watoto dawa? Na nikikubali, je, naweza kufungwa?

Mweka Hazina, Kayole

JIBU

Mweka Hazina mpendwa,

Nitajibu maswali yako yote, lakini mwenye haraka zaidi ni yule mama aliyemwachisha mwanawe vidonge, kwa hiyo nitaanza naye. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku, ukinyimwa dawa kwa mara moja, unaweza kuleta mshtuko mrefu usiokoma wenyewe, na mshtuko wa namna hiyo huua au humwachia mtoto ulemavu ambao hakuwa nao. Mpigie simu leo, usingoje Jumapili. Ampeleke mtoto kliniki akiwa na kichupa chenyewe mkononi, aeleze ametoa matone mangapi na vidonge viliachwa lini, ili daktari aamue namna ya kuvirudisha, kwani baada ya pengo la wiki kadhaa si kila dawa inayorejeshwa kwa kipimo kile kile cha zamani. Wakati huo huo, mtoto akianguka, alazwe kwa ubavu na asitiwe chochote kinywani, si kijiko wala kitambaa; mshtuko ukipita dakika tano, ni safari ya hospitali bila kungoja.

Mwenyekiti wenu hasemi uongo, ila amesema nusu ya habari. Mnamo tarehe 2 Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, ikifuata pendekezo la Shirika la Afya Duniani, ilipiga kura kuiondoa bangi katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa mwaka 1961, orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa na madhara makubwa na manufaa madogo ya kitabibu. Kura zilikuwa 27 dhidi ya 25, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Hata hivyo bangi ilibaki katika orodha ya kwanza ya mkataba huo huo, pamoja na mofini, dawa ya maumivu makali, yaani kitu kinachoweza kutumika hospitalini lakini chini ya udhibiti mkali. Hakuna aliyekiruhusu kichupa kinachozungushwa mikutanoni.

Habari za watoto wa Marekani pia zina msingi. Katika bangi mna kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazotajwa sana: THC, ambayo ndiyo inayolewesha, na kanabidioli, ambayo wengi huiita CBD na ambayo hailewesh­i. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kinachoanza utotoni na kinachozikaidi dawa nyingi. Waliopewa kanabidioli safi walishuka kutoka mishtuko takriban 12 kwa mwezi hadi takriban sita, huku waliopewa maji yasiyo na dawa wakibaki karibu pale pale. Mwaka uliofuata Marekani iliisajili dawa hiyo, kwa jina la Epidiolex, kwa ajili ya ugonjwa wa Dravet na mwingine uitwao Lennox-Gastaut. Haya ni mafanikio ya kweli, na anayesema kwamba hakuna dawa yoyote inayoweza kutoka katika bangi amepitwa na habari. Lakini dawa hiyo ilipimwa kwa aina chache za kifafa kigumu, mara nyingi ikiongezwa juu ya dawa ambazo watoto walikuwa tayari wanatumia, na wengi wao waliendelea kuanguka, ingawa kwa nadra zaidi.

Sasa tukirudie kichupa, maana hapo ndipo penye shauri lenu lote. Tuchukue kwamba lebo inasema kweli, na kwamba miligramu 1000 ni za kichupa kizima cha mililita 30. Mililita moja ina matone kama ishirini, kwa hiyo matone sita kwa siku yanampa mtoto miligramu kumi hivi. Katika dawa iliyosajiliwa, mtoto huanzishiwa miligramu tano kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kisha hupandishwa hadi kumi, na wengine hadi ishirini. Ikiwa binti yako ana kilo 20, angeanzishiwa miligramu 100 na kufikishwa 200 au zaidi. Matone ya yule kijana ni sehemu moja ya kumi ya kiasi cha kuanzia. Kwa kipimo cha miligramu 200 kichupa hicho kingekwisha kwa siku tano, na mwezi mmoja wa mtoto mmoja ungewagharimu shilingi 30,000 hata kwa bei ya punguzo. Muuzaji anayeahidi miezi mitatu hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Na hayo ni ikiwa lebo ni ya kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za kanabidioli kwenye intaneti na kuzipima katika maabara: ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, nyingine zikiwa na pungufu na nyingine zikiwa na ziada, na 18 zilikutwa na THC. Huko ni nchi yenye maabara na wakaguzi wengi. Kichupa mlichoonyeshwa, kwa maelezo yako, kina jani na tarakimu moja. Hukunitajia jina la mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kuharibika wala nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, na nadhani hukuvitaja kwa sababu havikuwepo. Kama mna THC ndani, mnawapa watoto ambao ubongo wao tayari unaugua kifafa kitu kinacholewesha.

Utaniuliza, mbona yule mtoto hajaanguka kwa wiki tatu? Umeandika wewe mwenyewe kwamba binti yako ana miezi mizuri na miezi mibaya bila mafuta yoyote. Kifafa huenda kwa mawimbi, na mzazi hununua tiba mpya pale hali inapokuwa mbaya zaidi, yaani pale ambapo mara nyingi ingetulia hata bila tiba hiyo. Ndiyo maana katika tafiti hizi lazima kuwe na kundi lisilopewa dawa: katika utafiti mmoja wa Lennox-Gastaut, wagonjwa waliopewa maji yasiyo na dawa walipunguza mishtuko ya kuanguka kwa takriban asilimia 17.

Kuna jambo jingine linalomhusu binti yako moja kwa moja. Kanabidioli halisi, ikitumiwa pamoja na sodiamu valproeti, inaweza kulidhuru ini, na madaktari wanaoitoa hupima damu ya mtoto kabla ya kuanza na tena baada ya hapo. Ikikutana na dawa nyingine ya kifafa, klobazamu, humfanya mtoto asinzie kupita kiasi. Kwa hiyo mafuta yakiwa hafifu mmetupa pesa, na yakiwa makali mmempa mtoto dawa yenye nguvu pasipo mtu wa kulitazama ini lake.

Kuhusu sheria, jibu langu ni kwamba hatari ipo na wewe umesimama karibu nayo kuliko wenzako. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022, haihesabu majani peke yake. Utomvu na mafuta yamo pia. Sheria hiyo hiyo imeacha nafasi kwa mgonjwa aliyepewa dawa inayodhibitiwa kwa agizo la daktari, lakini agizo hilo ninyi hamna. Na mtu anayehifadhi vichupa ishirini nyumbani kwake ili awagawie wengine hatazamwi kama mzazi anayemtafutia mwanawe nafuu. Anaweza kushtakiwa kwa ulanguzi, ambao adhabu yake ni nzito mno kuliko ile ya kukutwa na kiasi cha kujitumia. Sahihi ya benki ni yako. Usiitie.

Lakini sitaki mama aliyetishia kutoka chamani adhani nimekuwa upande wake. Nchini mwetu mjadala huu umezungumzia shamba na deni kuliko unavyomzungumzia mtoto anayeanguka. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipoleta pendekezo lake la sheria mwaka 2018, matumizi ya dawa yalikuwemo, ila yalifungwa katika furushi moja na kilimo, biashara na uhuru wa mtu mzima, na furushi lilipokwama vyote vilikwama pamoja. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah alituahidi kwamba bangi ya kuuza ng'ambo italipa deni la taifa. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, ikiwa ya kwanza barani, na sehemu kubwa ya kilimo hicho kimelengwa masoko ya nje. Leseni ya shamba haimfikishii mtoto wa huko kijiko cha dawa.

Msimamo wangu, kwa kuwa umeniuliza kama unawanyima watoto dawa, ni huu: mlango ufunguliwe, lakini uwe mwembamba. Mfano tunao humu humu Nairobi. Mofini hutokana na afyuni, nayo inadhibitiwa na sheria ile ile ya 1994, na bado wagonjwa wa saratani hupewa mofini ya maji kupitia vituo kama Nairobi Hospice, ikiwa imepimwa na kuandikwa kitabuni. Hakuna anayesema kwamba mofini ya mgonjwa imehalalisha heroini ya mtaani. Kanabidioli iliyosajiliwa, inayoandikwa na daktari bingwa kwa watoto ambao kifafa chao kimekataa dawa nyingine, inaweza kupita njia hiyo hiyo, na wazazi kumi na wanane wenye hadithi za kweli wana haki ya kuiandikia Wizara ya Afya na kamati ya afya ya Bunge kudai hilo. Kunyamaza kwa serikali nako kuna madhara kwa afya ya umma: kijana wa vichupa amepata soko kwa sababu hakuna mfamasia anayeshindana naye.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la mwanao wa kidato cha tatu. Mwambie kwamba dada yake, kama angepewa chochote, angepewa kemikali moja iliyotengwa, isiyolewesha, kwa miligramu zilizohesabiwa kufuatana na uzito wake. Msokoto unaouzwa kando ya steji, au biskuti za bangi zinazouzwa kwa wanafunzi, havina kipimo, na kinachotafutwa ndani yake ni THC. Mwambie pia, bila kumpigia kelele, kwamba utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 uliwakuta wanaovuta kila siku wakiwa katika hatari ya kuugua wazimu mara tatu hivi kuliko wasiovuta, na karibu mara tano kwa wavutao bangi kali. Umri wake ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa ubongo haujamaliza kukua. Ninapendekeza pia umsikilize kwa makini, kwani swali lake linaweza kuwa la mdahalo wa shuleni au linaweza kuwa la mtu ambaye tayari ameonja. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu isiyolipiwa, 1192, na mzazi anaweza kupiga hata kabla ya kuwa na hakika.

Zabaki zile shilingi 100,000 za vichupa ishirini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na wewe umeniambia kwamba binti yako huanguka hasa dawa inapokosekana. Huyo si mtoto ambaye dawa zimemshinda. Kifafa huitwa kikaidi pale dawa mbili, zilizochaguliwa sawasawa kwa aina yake na kutumiwa bila kukatika, zinaposhindwa. Binti yako hajapata hata moja bila kukatika. Ningependa chama kinunue akiba ya dawa za watoto wote kutoka duka la dawa lenye leseni, kwa maagizo ya daktari, ili mwezi wa upungufu usimkute mtoto yeyote mikono mitupu.

Sehemu nyingine ya pesa iwasafirishe wale wanaoendelea kuanguka licha ya dawa hadi kwa daktari wa watoto aliyebobea katika magonjwa ya ubongo, kwa rufaa ya kliniki yenu. Wachukue video ya simu inayoonyesha mtoto anavyoanguka tangu mwanzo, pamoja na daftari la tarehe, kwa sababu daktari hutambua aina ya kifafa kwa kuona kuliko kwa kusimuliwa, na aina ikikosewa dawa nayo hukosewa: kabamazepini, inayowasaidia wengi, huzidisha baadhi ya vifafa, na huo wa Dravet ni mmoja wao. Ukifika, muulize pia kuhusu valproeti na miaka ijayo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuleta kasoro kwa mimba, na mtoto wa kike hupangiwa mapema kabla hajavunja ungo.

Kwa mwenyekiti, usiende na neno la kukataa peke yake, na usimkabili mbele ya watu. Mtembelee kabla ya Jumapili na hesabu ya matone ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, umwombe aisome mwenyewe. Kisha mkutanoni, badala ya kupiga kura juu ya bangi, mwombe muuzaji alete vitu viwili kwa maandishi: nambari ya usajili ya bidhaa yake kutoka Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya duka la dawa linaloiuza. Katibu aandike ombi hilo katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe, na iandikwe kwamba hakuna pesa itakayotoka mpaka karatasi hizo ziletwe na daktari wa kliniki azione.